Viatu Pasipo na Jiwe

Ti.

Kimya. Kisha tena: ti, ti.

Chuma kilikuwa kinagusa chuma, kidogo tu, kama mtu anayefunga na kufungua kufuli dogo asitake kufuli lenyewe lijue. Inspekta Dhapu Godara alifumbua macho gizani, juu ya kitanda cha kamba walichomtandikia uani, wala hakujigeuza. Sauti ilitoka chumba cha ndani. Chini ya pazia mwanga mwembamba wa tochi ya simu ulikuwa ukichezacheza sakafuni. Mwanamume akavuta pumzi kwa meno, sss, na mwanamke akamnyamazisha haraka.

Ti.

Tochi ikazimwa. Mtu akapiga miayo ya kitoto, mlango ukarudishwa polepole, na nyumba ikajifanya imelala.

Mgeni hana masikio katika nyumba ya watu, ndivyo Dhapu alivyolelewa. Lakini hakuja Dhanasar kutembea. Alikuja kwa sababu bwawa la kijiji lilikuwa limeuawa usiku wa juzi. Mvua kubwa ya mwaka ilikuwa imenyesha, pengine ya mwisho pia. Maji yakapanda mpaka yakalowesha mizizi ya mikhejri, miti ya jangwa iliyo ukingoni, na akina mama wakapika ngano kwa sukari guru kumshukuru mungu wa kike mwenye msitu ule. Kulipokucha walikuta tuta limekatwa. Maji ya watu, ya mbuzi na ngamia wao, na ya swala wote wa hifadhi ya jangwa, yalikuwa yamekwenda kunywewa na mchanga upande wa pili.

Jua halijapanda vizuri, kijiji kilikuwa kimekwisha pata mtu wake. Shambhu Manjhi, dereva wa katapila, mtu wa kutoka mbali mashariki, aliyeletwa na mkandarasi kuchimba mtaro wa bomba kutoka mfereji mkuu. Walimfungia katika ofisi ya kijiji. Leo adhuhuri jipu la kituo cha polisi lingekuja kumchukua, na Dhapu alijua jinsi mambo yanavyokwenda. Jipu likishaondoka naye, kesi hutembea yenyewe. Mtu asiye na ndugu wa kumdhamini angekaa ndani mpaka mwanawe asahau sura yake.

Alikuwa na asubuhi moja tu.

*

Chai ilikuja na mwanga. Mama mwenye nyumba, Saman Kanwar, aliiweka karibu na kitanda akiwa ameuvuta mtandio mpaka kidevuni. Binti yake mdogo, Kanku, alimfuata na sahani ya mikate ya uwele. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Uzi mweusi ulimzunguka shingoni, ukapotelea ndani ya gauni.

Mwenye nyumba, Khuman Singh, alikuwa ameshaketi kwenye kitanda kingine, miguu imefunikwa shuka, masharubu yamechanwa. Jana alipompokea Dhapu vilevile alikuwa ameketi. Mwanamume wa ukoo wake asiyeinuka kumpokea mgeni mlangoni! Alikuwa ameomba radhi: mgongo, afande dada, mgongo umenikamata.

"Umelala salama?" aliuliza sasa.

"Kama gogo."

"Afadhali. Maana nyumba hii ina panya. Usiku kucha wanagugunaguguna vyuma, sijui wanataka nini."

"Panya sikuwasikia," Dhapu alisema, akamega mkate. "Mgongo je?"

"Unaendelea kwa nguvu zake Mola." Akacheka. "Dhapu. Jina lako hilo ni la kwetukwetu. Wazazi walikuwa wamechoka mabinti, eh? Wakasema basi, tumeshiba."

"Walisema. Halafu akazaliwa mwingine."

"Huyo wakamwitaje?"

"Wakamwita kwa ishara tu, kaka. Maneno yalikuwa yamewaishia."

Khuman Singh alicheka hadi chai ikamwagika kwenye shuka. Alikuwa mtu wa kupendeka, na hilo Dhapu aliliweka pembeni pamoja na mengine. Nje ya ukuta injini iliunguruma, boza la maji likapita likidondosha matone njiani. Lilikuwa boza la Khuman Singh, la kuuzia maji. Tangu jana halikuwa limepumzika. Bwawa likijaa, boza hilo hukaa chini ya mti mpaka kuku walitagie.

"Naona una kazi nyingi," alisema.

"Nitafanyaje? Watu wana kiu. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni wetu kaja, mwenyeji kafa kiu. Mpelekeni, dada. Vijana wa hapa wana hasira, mimi ndiye niliyewazuia wasimvunje mikono."

"Umefanya vizuri."

"Na hati zako ukizimaliza mapema, utawahi kwako. Si una mtoto mchanga? Mama Kanku kaniambia."

Dhapu alimtazama Saman Kanwar. Chini ya mtandio mkono wa mwanamke ulikuwa umekamata nguzo ya baraza, ukawa mweupe vidoleni.

"Nitawahi," alisema.

*

Mlangoni kwa ofisi ya kijiji mwanamke kijana alikuwa ameketi juu ya ngazi, mtoto akinyonya, mgongo umeegemea mlango. Phulmati, mke wa Shambhu. Alikuwa amelala hapohapo. Dhapu alivua chupa yake ya maji begani akampa. Mwanamke akanywa kidogo, akalowesha kidole, akampaka mtoto midomoni, kisha akarudisha chupa.

"Maliza."

"Na mume wangu?"

"Ninayo mengine."

Alikuwa anasema uongo, lakini uongo wa maji hauna dhambi.

Ndani, Konstebo Nawal Kishor alikuwa amekwisha andaa meza. Nawal alizaliwa Bharatpur, nchi ya vinamasi na bata, na tangu ahamishiwe jangwani alikuwa analilia samaki. Kichwani alikuwa na nadharia.

"Nyayo zote za pale bwawani hazina viatu, afande," alisema. "Miguu mitupu. Sasa nani hapa anatembea peku? Wenyeji wote wana makubadhi, hata watoto. Peku ni maskini. Maskini ni huyu."

"Huyu alikamatwa akiwa na nini miguuni?"

"Buti za mpira."

"Basi nadharia yako imevaa buti."

Shambhu alikuwa ameketi kwenye kona, jicho moja limevimba. Alipoona cheo begani kwa Dhapu alijaribu kusimama, akaangukia ukuta.

"Kaa. Uliwahi kugombana na watu wa hapa?"

"Mara moja, mama. Nilipofika tu. Nilikatiza ule uwanda wao, ule unaozunguka bwawa, nikiwa na buti. Walinishukia kama nyuki. Sikujua!"

"Hukujua nini?"

"Kwamba agor haikanyagwi na kiatu. Kwamba mvua ikinyesha maji yanatiririkia pale na kuingia bwawani, na yale ndiyo maji ya kunywa, kwa hiyo mtu anavua. Kwetu maji yapo kila mahali, mama, yanatufukuza hata kitandani. Ningejuaje? Wakanionyesha bango. Tangu siku hiyo navua hata nikiliota."

Nawal aliinua kidole. "Umesikia, afande? Anavua. Kwa hiyo peku ni yeye."

Lilikuwa neno la maana, na Dhapu hakulidharau. Yeye mwenyewe alikuja na wazo kwamba aliyevua viatu ili akaue bwawa lazima awe mtoto wa bwawa, mtu ambaye miguu yake iliamua kabla ya kichwa. Sasa wazo hilo lilikuwa limepata kidonda. Hata mgeni, akishapigwa, hujifunza.

"Unavulia wapi?" aliuliza.

"Palipoandikwa. Kwenye ile nguzo nyeupe ya hifadhi."

"Siku zote hapo?"

"Mama, mimi nivulie wapi pengine? Nipigwe tena?"

"Leta nyayo."

"Ee?"

"Miguu yako. Igeuze."

Alipiga magoti, akakishika kisigino kimoja, kisha kingine, akakibonyeza kwa kidole gumba kipande kwa kipande. Ngozi ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi, lakini hapakuwa na tundu, uvimbe wala usaha. Shambhu alijikunyata, na pamoja na masaibu yake yote akatokwa na kicheko.

"Unauma?"

"Unatekenya, mama. Samahani."

Nje, Phulmati alisikia mumewe akicheka, akaanza kulia.

*

Bwawa lilikuwa limebaki na dimbwi la tope katikati, na kwenye tope swala watatu walikuwa wamesimama wakitazama mahali maji yalipokuwa. Hawakukimbia. Nyuma yao msitu mtakatifu ulikuwa kimya, mikhejri na mikunazi ambayo hakuna mkono wa Dhanasar uliowahi kuikata tawi. Hata hifadhi ilipokuja na nguzo zake ilikuta msitu unalindwa tayari. Mbele zaidi mchanga ulianza kupanda, kilima juu ya kilima, mpaka mbinguni.

Dhapu na Nawal walivua viatu kwenye nguzo nyeupe, wakapanda tuta. Jana jioni alikuwa ameagiza karai za waashi zifunikwe juu ya kila unyayo uliobaki, upepo usije ukafanya kazi ya mhalifu. Karai zilikuwa zimejipanga kutoka tuta hadi mbali, kama kobe wanaohama.

Kwanza alilitazama pengo lenyewe. Lilikuwa pana, hata mkokoteni wa ngamia ungepita.

"Kazi ya katapila," alisema Nawal. "Hili hata mtoto analiona."

"Mtoto angeangalia juu. Tazama ukingo."

Juu kabisa, pale maji yalipoanzia kabla ya kujichimbia yenyewe, ukingo ulikuwa na mikato myembamba iliyopinda, mmoja juu ya mwingine. Dhapu alilaza kiganja ndani ya mkato. Ulikuwa wa jembe la mkono.

"Alikata mfereji mdogo, upana wa jembe. Maji yakamalizia. Katapila lingeacha meno, na lingeacha minyororo yake kwenye agor yote. Umeona mnyororo popote?"

"Hapana, afande."

"Na ili afike juu hapa ilibidi aondoe hii." Alinyoosha mkono kwenye ua wa matawi makavu ya mkunazi yaliyoletwa kutoka mashambani na kutandazwa juu ya tuta kuzuia mbuzi. Matawi yalikuwa yamevutwa kando na kutupwa ovyo. "Gizani. Kwa mikono, na peku."

Nawal aliangalia miiba. Kila mmoja ulikuwa umepinda kama ndoana. Akasogeza miguu yake mbali.

Wakafunua karai. Nyayo za kwenda zilikuwa za mtu mzima, mzito, anayejua anakoelekea. Zilikanyaga sawasawa, kisigino na vidole. Nyayo za kurudi zilikuwa za mtu mwingine kabisa, au za mtu yuleyule aliyepatwa na jambo. Mguu wa kushoto ulikuwa umezama wote. Wa kulia ulikuwa na vidole tu. Vidole, vidole, vidole. Kisigino hakikugusa chini tena hata mara moja.

"Mwiba," alisema Nawal polepole.

"Mwiba. Kwenye kisigino cha kulia. Na mwiba wa mkunazi ukivunjikia ndani hautoki kwa kucha." Aliifunika karai. "Shambhu hana kitu miguuni. Hilo halijatosha. Mkubwa wetu atasema alikuwa na mwenzake. Twende tuone viatu vilikaa wapi."

Walizifuata karai kurudi upande wa kijiji. Zikafika kwenye nguzo nyeupe ya hifadhi, pale penye bango lenye picha ya kiatu kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Hazikusimama. Zikapita kando ya nguzo, zikaendelea mpaka kwenye mchanga mtupu, na hapo ndipo zikakoma. Ardhi iliyokuwa na unyevu usiku ule ilikuwa imekauka. Juu yake kulikuwa na alama mbili zilizolala sambamba, ndefu, butu mbele: makubadhi yaliyovuliwa na kusimamishwa pamoja kwa heshima, kama yanavyosimamishwa mlangoni mwa mungu. Mbele ya hapo mchanga ulikuwa laini, umekwisha meza kila kitu.

Dhapu alichuchumaa. Hapakuwa na nguzo pale, hapakuwa na mti, wala jiwe.

"Kwa nini hapa?"

"Labda alichoka kuvaa," Nawal alisema.

"Bango liko kule. Mtu wa bango angevulia kule, kama mimi na wewe. Huyu kavua mapema, gizani, mahali pasipo na kitu."

Alisimama akapangusa magoti. Jua lilikuwa limeanza kuchoma utosi.

"Nenda kijijini. Mwite Mwenyekiti Pemaram na wanaume wote waliomshika Shambhu. Waambie nataka wanionyeshe pengo kabla jipu halijafika. Usiseme jingine. Na Khuman Singh mwambie aje, mgongo au si mgongo. Ana pikipiki."

*

Walikuja kwa kundi, vilemba vya rangi ya moto, wakibishana kwa sauti. Mmoja alikuwa anamtania Nawal.

"Konstebo, umepata bata wako hapa?"

"Nimepata tope. Bata mmewala nyie."

"Sisi hatuli nyama ya kiumbe cha msitu huu, bwana! Ungelisema hilo mbele ya bibi yangu, ungekwenda Bharatpur kwa mguu."

Dhapu alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, akitazama chini. Hakutazama nyuso. Alitazama miguu.

Kundi lilifika kwenye mchanga mtupu. Hakuna aliyesema neno juu ya viatu. Hakuna aliyeangalia nguzo nyeupe iliyokuwa bado mbele yao. Katikati ya utani, katikati ya sentensi, kila mmoja alichomoa mguu wake kwenye kubadhi, akayasukuma mawili pamoja kwa kidole, akaendelea kutembea peku. Walifanya kama mtu anavyopepesa jicho. Nyuma yao makubadhi yalibaki yamejipanga kandokando ya zile alama, kama ndugu wa tumbo moja.

"Mzee Pemaram," Dhapu alisema. "Ngoja hapo hapo."

Mwenyekiti alisimama. Alikuwa mwembamba, mwenye pete za dhahabu masikioni.

"Umevua kwa nini hapo?"

"Ala! Nisivue? Hii agor."

"Agor inaanzia kwenye nguzo. Imeandikwa."

Wanaume walicheka wote. Pemaram alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba ngamia hatagi.

"Nguzo wameiweka watu wa hifadhi, mwanangu, walipoona panawafaa. Agor inaanzia kwenye jiwe."

"Jiwe gani?"

"Hili nililokanyaga."

Dhapu alipiga magoti, akachimba kwa viganja. Mchanga ulikuwa mkavu juu na baridi chini. Vidole vyake viligonga kitu. Akapangusa. Jiwe la manjano lilimtazama, limechongwa alama ya jua, limelainishwa na visigino vya watu waliokwisha kufa.

"Lilifunikwa na dhoruba nikiwa bado nabebwa mgongoni," alisema Pemaram. "Hatukulifukua. La nini? Kila mtu anajua lilipo."

"Kila mtu?"

"Kila mtoto wa hapa."

"Na mgeni?"

"Mgeni atajuaje? Ndiyo maana kuna ba..."

Pemaram hakumalizia. Alitazama zile alama mbili karibu na mguu wake, zilizolala pamoja juu ya udongo uliokauka. Akatazama karai zilizotoka hapo kwenda hadi kwenye tuta. Utani uliokuwa ukiendelea nyuma yake ulikatika, mtu mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa nyumba hadi nyumba.

"Mama yangu," alisema mtu kwa sauti ndogo. "Ni wetu."

Sasa kila mmoja alimtazama jirani yake, kisha akatazama pembeni. Yule aliyemtania Nawal alipiga hatua moja kumwacha mtu aliyekuwa akitembea naye.

"Tumempiga mtu bure," alisema Pemaram.

"Bado sijasema hivyo," Dhapu alijibu. "Nasema tu kwamba aliyevua hapa hakusoma bango."

Pikipiki ilisikika kutoka upande wa kijiji. Khuman Singh alikuja taratibu. Kanku alikuwa ameketi mbele yake juu ya tangi la petroli, amekumbatia chupa ya chai ya wazee. Baba yake alisimamisha karibu na makubadhi, akaacha injini ikiunguruma, mguu wa kushoto umeshika ardhi. Wa kulia aliuacha juu ya kikanyagio.

"Naam, wazee. Jipu nimeliona kwenye barabara kuu, vumbi lake linakuja. Mmemaliza?"

"Karibu tumalize," Dhapu alisema. "Shuka, kaka, uje utuonyeshe ulivyolikuta pengo."

"Ningependa, dada. Mgongo huu! Nikishuka sitapanda tena. Nitasubiri hapahapa." Aliangalia jiwe lililofukuliwa, akatabasamu kidogo. "Mmelitoa jiwe? Baya hilo. Wazee wetu walitaka lilale."

Hakuna aliyemjibu. Dhapu aliona hilo nalo: mtu aliyezoea kujibiwa, akisikiliza kimya cha watu wake, akizungusha mkono wa gesi bila kwenda popote.

Hakuwa na kitu cha kumshusha. Mgongo hauwezi kukamatwa. Boza si ushahidi. Panya wa alfajiri hawaandikwi kwenye hati, na vumbi la jipu lilikuwa limekwisha onekana juu ya vilima. Angeweza kumwamuru avue kubadhi. Angeweza pia kukosea, mbele ya kijiji kizima, na baada ya hapo hakuna ambaye angemsikiliza juu ya Shambhu.

"Konstebo," alisema, "niletee tawi moja la ule ua, nilifunge kama kielelezo."

Nawal alikwenda peku, akinyata kama kanga kwenye makaa. Alilivuta tawi, akarudi nalo akilishika mbali na tumbo, akitazama mikono yake na kusahau miguu. Tawi lilidondosha kipande, naye akakikanyaga.

"Mama weee!"

Aliruka kwa mguu mmoja, akazunguka, akakaa kitako kwenye agor, kofia ikamtoka. Wanaume waliokuwa wamenyamaza kwa uchungu walipasuka kucheka, kicheko cha watu waliohitaji mahali pa kukiweka.

"Bata kapata mwiba!"

"Usiuvute, bwana, usiuvute! Umepinda, utavunjikia ndani!"

"Ninakufa na nyie mnacheka!"

Kanku alikuwa amekwisha teleza kutoka kwenye tangi.

"Kanku! Rudi hapa," alisema baba yake.

Mtoto hakusikia, au alisikia kazi ikimwita kwa nguvu zaidi. Alichomoa vikubadhi vyake juu ya jiwe la manjano, akavisukuma pamoja kwa kidole, akakimbia peku hadi kwa Nawal. Akachuchumaa mbele yake. Alichota ule uzi mweusi kutoka ndani ya gauni, na mwishoni mwa uzi palikuwa na koleo ndogo ya miiba, imepaushwa na matumizi.

"Usitikisike," alimwambia konstebo, kwa sauti ya mama yake. "Ukitikisika nitakupiga."

Nawal, askari mzima, akatulia.

Mtoto akaijaribu koleo kwanza, meno kwa meno.

Ti. Ti, ti.

Dhapu aligeuza kichwa. Hakumtazama mtoto. Alimtazama Khuman Singh, na Khuman Singh alikuwa ameacha kuzungusha gesi. Injini ikakohoa ikazima. Jangwa lote likawa kimya, hata vicheko vilikuwa vimeisha. Kanku alikibonyeza kisigino cha Nawal, akakielekeza juani, ulimi nje pembeni mwa mdomo. Akashika, akapinda mkono kufuata ndoana ya mwiba, akavuta mara moja. Sss, alisema Nawal.

Mtoto aliunyanyua mwiba juu, mrefu, mwekundu nchani, ili kila mtu auone. Alikuwa na furaha tele. Akageuka kuangalia pikipiki.

"Wa baba niliomtoa alfajiri ulikuwa mkubwa kuliko huu!"